Faili Lenye Tarehe Ni Shahidi



Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an haizungumzii swala wala funga. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu deni: liandikwe, liwe na muda maalumu, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Leo hesabu za michango tunaziweka katika hifadhidata ya kompyuta. Je, hifadhidata peke yake inatosha kuwa shahidi?

Haitoshi. Kwa kawaida huonyesha hali ilivyo sasa tu. Mtu akibadilisha 50,000 ikawa 5,000, namba ya mwanzo hupotea, isipokuwa kama hifadhidata imetengenezwa kutunza historia. Viongozi wanapokabidhiana ofisi, asiye na nakala ya siku ile hana la kuonyesha. Hapo ndipo dhana mbaya huingia baina ya ndugu.

Dawa yake ni kutoa hesabu hizo kwenye faili la maandishi lenye tarehe. Kwa anayetumia SQLite kwenye Linux, amri ni hii:

sqlite3 -header -csv sanduku.db "SELECT namba, kiasi, tarehe FROM michango ORDER BY tarehe;" > michango_$(date +%F_%H%M).txt

SELECT ndilo swali lenyewe. Alama ya > hupeleka jibu kwenye faili, na date huandika tarehe na saa katika jina lake. Ukiiendesha tarehe 14 Machi 2025 saa tatu kamili usiku, utapata michango_2025-03-14_2100.txt, faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote.

Mwaka hutangulia ili mafaili yajipange kwa wakati. Ukianza na siku, 01-12-2024 litakaa kabla ya 02-01-2024. Saa nayo ina kazi yake: alama ya > hufuta bila kuuliza faili lililopo lenye jina lile lile. Ukitaka cron iiendeshe kila Ijumaa, weka \ kabla ya kila %, la sivyo amri itakatika njiani.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa hati iliyoandikwa Shaabani tu. Akauliza: Shaabani ipi, iliyopita, hii au ijayo? Akawashauri maswahaba, na miaka ikaanza kuhesabiwa tangu Hijra. Faili liitwalo "michango_mpya" lina ila hiyo hiyo.

Mambo mawili yamebaki. Kwanza, nakala itumwe usiku ule ule kwa ndugu wa pili asiyekuwa mweka hazina, kwani faili lililo mikononi mwa mtu mmoja bado anaweza kulibadilisha. Pili, tumia namba za usajili badala ya majina, hasa kwa wanaopokea zaka, ili sitara yao ihifadhiwe.

Amana hulindwa kwa uchamungu, na uchamungu haukatazi kuandika, umeamrisha.

Wabillahi tawfiq.