Selimundu: Kwa Nini Baridi na Homa Zote Huleta Maumivu

Mtoto anayeishi na selimundu akinyeshewa njiani kutoka shuleni, maumivu ya mifupa yanaweza kumwanza usiku huohuo. Akipatwa na homa, maumivu yayo hayo yanaweza kumrudia. Mzazi hubaki akijiuliza: inakuwaje baridi na joto, vitu viwili vinavyopingana, vilete mateso ya aina moja? Jibu limo ndani ya seli nyekundu ya damu, na mzazi akilielewa atajua kwa nini wahudumu wa afya husisitiza sweta, maji ya kunywa na kipimajoto.

Protini isiyotulia

Seli nyekundu ni ndogo mno. Seli 120 zikipangwa kwenye mstari mmoja hufika takriban milimita moja. Hata hivyo, kila seli hubeba molekuli milioni 270 hivi za hemoglobini, protini inayochukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. Hemoglobini ndiyo pia huipa damu rangi yake nyekundu.

Molekuli hizi zimesongamana kama abiria ndani ya matatu ya jioni, lakini hazitulii. Zinatikisika, zinageuka na kugongana bila kukoma. Kinachoziendesha ni joto: joto likipanda, mwendo huongezeka, likishuka, mwendo hupungua. Mwaka wa 2008, watafiti waliotumia miale ya nyutroni walionyesha kwamba mwendo wa hemoglobini ndani ya seli nyekundu za binadamu hubadilika karibu na nyuzijoto 37, ambayo ndiyo joto la kawaida la mwili.

Kwa mtu asiye na selimundu, mabadiliko hayo yana faida. Misuli ya mkulima anayelima hupata joto, na hemoglobini inapopita hapo huachilia oksijeni kwa urahisi zaidi, mahali hasa inapohitajika.

Doa moja linalonata

Hemoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa jambo dogo sana. Protini hii imeundwa kwa minyororo minne, na katika miwili kati yake kila mnyororo una viungo 146. Kiungo cha 6 pekee ndicho kilichobadilika. Badiliko hilo huacha doa linalokwepa maji na kutafuta mahali pa kunata.

Hemoglobini hiyo inapokuwa na oksijeni, hakuna shida. Ikishaachilia oksijeni, doa hilo hunasa molekuli jirani, nayo hunasa nyingine, mpaka zinafanyika nyuzi ndefu na ngumu. Seli iliyokuwa laini hujikunja kama mundu na kushindwa kupenya kwenye mishipa midogo. Sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu huanza.

Kinyume cha samli

Samli huganda wakati wa baridi na kuyeyuka ikipashwa moto. Hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni hufanya kinyume. Katika maabara, huwa majimaji ikiwekwa kwenye barafu na huganda ikipashwa joto hadi kiwango cha mwili. Sababu ni kwamba sehemu zinazokwepa maji hushikana kwa nguvu zaidi joto linapoongezeka.

Ndiyo maana homa ni hatari. Joto likipita kiwango cha kawaida, nyuzi zile huanza kufanyika mapema zaidi. Isitoshe, mtoto mwenye homa hutoka jasho na mara nyingi hataki kunywa. Seli zake hupoteza maji, hemoglobini husongamana zaidi, na nyuzi huja upesi kuliko hapo awali.

Ikiwa barafu huziyeyusha nyuzi hizo, mbona baridi ilete maumivu? Ni kwa sababu baridi ya nje haiishushi damu iliyo ndani kabisa ya mwili hadi kiwango cha barafu. Mwili hujikinga kwa kubana mishipa ya damu ili usipoteze joto, na damu ikapita polepole. Nyuzi huhitaji muda mfupi kabla ya kuanza kufanyika. Siku ya kawaida, seli nyingi huwahi kutoka kwenye mishipa midogo na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni kabla ya muda huo kwisha. Siku ya baridi, nyingi hukwama njiani. Kwa ufupi, homa huharakisha nyuzi, na baridi huchelewesha seli.

La kufanya nyumbani

• Mvalishe mtoto nguo nzito asubuhi na jioni, hasa msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti. Akinyeshewa, mbadilishie nguo mara moja.
• Asiogelee wala kuoga maji baridi.
• Anywe maji mara kwa mara, hata siku ambazo hasikii kiu. Mweleze mwalimu wake amruhusu kunywa maji na kwenda msalani.
• Anapoumwa, tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Usimwekee barafu kamwe.
• Weka kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, mpeleke kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku. Dawa ya kushusha homa pekee haitoshi, kwa sababu selimundu huharibu bandama, kiungo kinachosaidia kupambana na viini, na maambukizi yanaweza kumzidia mtoto kwa saa chache.
• Asikose chanjo wala dawa alizoandikiwa na daktari.

Kujua hali yako

Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu aliyerithi upande mmoja tu kwa kawaida huwa na afya njema na huenda asijue. Wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa.

Mwaka wa 1954, Anthony Allison, daktari aliyelelewa nchini Kenya, alichapisha ushahidi kwamba waliorithi upande mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hivyo basi, hali hii imeenea zaidi mahali ambapo malaria imekuwa nyingi kwa vizazi, kama vile ukanda wa Ziwa Victoria na Pwani. Haitokani na laana wala kurogwa, na si kosa la mama.

Wanaopanga kuoana, wazazi watarajiwa na wenye watoto wanaolia mara kwa mara kwa maumivu au kuvimba mikono na miguu wanahimizwa kuuliza kuhusu kipimo cha selimundu katika hospitali iliyo karibu nao. Mtoto anayejulikana mapema huanza matibabu mapema, kabla ya homa yake ya kwanza kumkuta bila kinga.