Una Nini Nyumbani?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Mjane wa habari hii alikuwa na deni, na mdai wake amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mama akajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo, na hapo ndipo kazi ilipoanzia.

Sisi tulianzia pengine. Miaka michache iliyopita tulichanga fedha, tukawanunulia akina mama wa mtaa wetu cherehani mbili. Wote wakajifunza kushona nguo za shule. Lakini nguo hizo hununuliwa zaidi shule zinapofunguliwa, na mafundi wa sokoni walikwisha kuwapata wateja. Leo cherehani zimefunikwa kitambaa, na mama zetu wamevunjika moyo. Hawakuwa wavivu. Kosa ni letu: hatukuwauliza wana nini nyumbani.

Na tuwatazame akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Maji yakipwa, hufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Baada ya majuma sita hivi huvuna, huanika na kuuza. Kazi ni ngumu, na bei ya mwani mkavu ni ndogo, tena hupangwa na mnunuzi. Kisha bahari ikazidi joto, na aina iitwayo cottonii, yenye bei nzuri kuliko spinosum, ikawa inakufa. Ndipo baadhi ya vikundi vikafundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Si wote waliofika hapo. Wengi bado huuza mwani mkavu. Lakini mwenye sabuni hupanga bei yake mwenyewe. Mwani ni ule ule. Kilichoongezwa ni ujuzi.

Turudi kwa yule mjane, tujifunze mambo matatu.

1. Aliazima vyombo kwa majirani. Mtaji wa kwanza wa maskini ni jirani zake. Kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku na daftari lililo wazi kwa wote, ni vyombo vya namna hiyo.

2. Wanawe walimsogezea vyombo. Mama atokaye shambani, akachota maji, akapika, atajifunza saa ngapi? Akina baba na vijana, neno hili ni letu.

3. Aliuza, akalipa deni, kisha wakaishi kwa kilichosalia. Utaratibu huo tusiugeuze. Mama wa maandazi aandike bei ya unga, mafuta, sukari na kuni, na saa zake za kazi pia. Asipoandika, atakula mtaji akidhani anakula faida.

Maswali ya kujadiliana

(a) Kila mama ataje kitu kimoja alicho nacho: mihogo, maziwa, ukili, nyuki. Je, kinauzwa kibichi? Ni ujuzi gani ungekiongezea thamani?

(b) Nani atanunua, na lini katika mwaka?

(c) Fedha ikipatikana, nani nyumbani huamua matumizi yake?

(d) Zile cherehani mbili tuzifanyie nini? Majibu yaletwe kwenye mkutano wa mtaa, nasi tuliokosea mara ya kwanza tuwe wa kwanza kusikiliza.