Kupima Hisia za Mdomo Ulioshonwa

Somo langu la leo ni juu ya kupima kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni hisia ya mguso katika mdomo wa mtu. Nimechagua mdomo uliopasuka na kushonwa kwa sababu mimi mwenyewe nilizaliwa na mdomo wa juu wenye pengo upande wa kushoto, nikashonwa ningali mchanga. Watu wakinitazama husema, "Umepona kabisa." Kwa habari ya sura, wanasema kweli. Lakini mdomo una kazi zaidi ya kutazamwa. Kwa mdomo twajua kwamba chai ni ya moto kabla haijafika kwenye ulimi, na kwamba uji umebaki pembeni. Basi, mtu aliyeshonwa tutajuaje amepona kiasi gani?

Kwanza tujue pengo hili hutokeaje. Kati ya juma la nne na la saba la mimba, nyama za uso wa mtoto hukua kutoka kando na kukutana katikati. Zisipoungana, mdomo wa juu hubaki na pengo upande mmoja au pande zote mbili, na pengine kaakaa nalo hubaki wazi. Wako wasemao kwamba mama alitazama kupatwa kwa jua, au kwamba amerogwa. Maneno hayo hayana msingi. Ulimwenguni karibu mtoto 1 katika kila 700 huzaliwa na pengo la mdomo au la kaakaa, katika mataifa yote.

Kushona mdomo si kuvuta kingo mbili na kutia uzi tu. Mwaka 1955, katika mkutano uliofanyika Stockholm, daktari mpasuaji wa Marekani jina lake Ralph Millard alieleza njia ya kuzungusha nyama ya upande mmoja iteremke, na kusogeza nyama ya upande wa pili ijaze nafasi iliyoachwa, ili kovu lifuate mstari wa asili wa mdomo. Njia hiyo ingali ikitumika, na nyingine nyingi zimetokana nayo. Lakini kisu kinapopita hukata pia nyuzi ndogo za fahamu zilizomo katika nyama.

Hisia za uso huchukuliwa na mshipa wa fahamu wa tano kati ya ile itokayo kichwani. Mshipa huu una matawi matatu. Tawi la kati hutoa mshipa upitao katika tundu dogo la mfupa chini ya jicho, ukaleta hisia za mdomo wa juu. Mdomo wa chini hupata hisia zake kwa tawi la tatu, ambalo kisu cha mpasuaji hakiligusi. Tena, mwendo wa midomo hautokani na mshipa huu, bali ni kazi ya mshipa wa saba. Kwa hiyo mtu aweza kutabasamu vizuri, na papo hapo asisikie tone la uji juu ya mdomo wake. Tabasamu si ushahidi wa hisia.

Uzi wa fahamu uliokatwa huweza kukua tena, karibu milimita 1 kwa siku. Hivyo ganzi ya siku za kwanza si jambo la kukatisha tamaa. Lakini penye kovu gumu nyuzi nyingine hupotea njia, nazo hazifiki zilikokuwa zikienda.

Sasa, kwa nini daktari asiulize tu, "Unasikia?" Ziko sababu mbili. Ya kwanza, aliyeshonwa akiwa mchanga hakupata kuwa na mdomo mwingine wa kulinganisha. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi mdomo wetu huu ndio kitanda pekee tulichokilalia. Sababu ya pili ni heshima. Mgonjwa hutaka kumfurahisha daktari wake, naye hujibu, "Ndiyo, nasikia," hata kama ameona tu mkono ukisogea.

Mtu wa kwanza kupima mguso kwa utaratibu alikuwa Ernst Heinrich Weber, mwalimu wa chuo kikuu cha Leipzig katika Ujerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1834 alieleza jinsi alivyotumia bikari. Aligusa ngozi kwa ncha mbili kwa pamoja, akapunguza nafasi kati yake mpaka mtu azione kama ncha moja. Aliona kwamba ncha ya ulimi hutambua ncha mbili zilizoachana kwa karibu mm 1, ncha ya kidole mm 2, sehemu nyekundu ya mdomo kati ya mm 4 na 5, na katikati ya mgongo zaidi ya mm 60. Kwa hiyo mdomo ni miongoni mwa sehemu za mwili zilizo hodari sana kwa mguso.

Baadaye, katika miaka ya 1890, Max von Frey alitumia nywele zilizofungwa kwenye vijiti. Unywele ukisukumwa wima juu ya ngozi, hufika kiasi fulani ukapinda. Ukiisha kupinda, hata mkono ukisukuma zaidi, nguvu haiongezeki sana. Unywele mnene huhitaji nguvu nyingi, mwembamba kidogo. Mwaka 1960 Josephine Semmes na Sidney Weinstein walitumia nyuzi za nailoni badala ya nywele, na hospitali nyingi zinazo hata leo. Uzi mwembamba kuliko yote husukuma kwa karibu gramu 0.008, pungufu ya nusu ya uzito wa punje moja ya mchele.

Hata hivyo chombo kizuri hakitoshi, kwa maana mtu aweza kubahatisha. Dawa yake ni kuuliza swali ambalo mtu aweza kulikosa. Mpimwa hufumba macho. Mpimaji hurusha sarafu: upande mmoja ukitokea, hugusa kwa ncha moja, wa pili, kwa ncha mbili. Mpimwa lazima ajibu "moja" au "mbili". Haruhusiwi kusema "sijui". Katika miguso 20, asiyesikia lolote hupata karibu 10 kwa bahati tu. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 tu katika 100. Basi nafasi ndogo kuliko zote ambayo mtu bado hupata 15 ndiyo kipimo chake. Kisha hupimwa upande usioshonwa, na mdomo wa chini, ili mtu alinganishwe na nafsi yake mwenyewe. Kazi hurudiwa siku nyingine, maana aliyechoka hujibu ovyo.

Mwenzangu wa darasani alinipima kwa njia hii, akitumia vipande viwili vya waya vyenye ncha butu. Katika mdomo wa chini na upande wa kulia wa mdomo wa juu majibu yangu yalikuwa karibu sawa na yake. Juu ya kovu ilibidi waya ziachanishwe zaidi. Miaka yangu yote 19 sikupata kulijua jambo hilo, wala hakuna aliyelijua. Kovu haliniumi wala halinizuii kula. Habari hizi ni zangu peke yangu, wala hazithibitishi hali ya wengine. Tena, mguso si joto: hisia ya joto husafiri kwa nyuzi nyingine, nayo hupimwa mbali.

Mkitaka kujaribu, pimaneni mkononi kwanza. Msitumie bikari yenye ncha kali, osheni waya kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kumgusa mwingine, wala msiguse kovu jipya.

Kwa ninyi mliomaliza shule na kufanya kazi katika hospitali, ninalo ombi. Aliyeshonwa mdomo akirudi kwenu baada ya mwaka, msitazame mshono tu na kumwambia aende kwa amani. Mwambieni afumbe macho, mguseni taratibu kulia na kushoto, mwulizeni, "Ni ncha moja au mbili?" Akisikia vema, atafurahi kulijua. Asiposikia, ataambiwa aonje chai kwa tahadhari na apanguse mdomo baada ya kula, na mpasuaji naye atajifunza kisu chake kimefanya nini. Kazi hiyo haihitaji mashine, ila dakika chache na uvumilivu.