SOMO: KINYWA KIKAVU BAADA YA DAWA YA KANSA YA SHINGO

Soma Yohana 19:28.

Bwana wetu pale msalabani alijua kiu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kinywa kikavu asione haya kueleza shida yake.

Mbele ya shingo kuna tezi inayovuta iodi, ile inayotiwa katika chumvi ili kuzuia rovu. Tezi hiyo ikishikwa na kansa, wanganga huikata. Kisha wagonjwa wengine hupewa iodi yenye mionzi ili kuua mabaki. Iodi ya namna hiyo ilianza kutibu tezi ya shingo mwaka 1941 huko Boston, Marekani. Ile itumiwayo sasa hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku 8.

Lakini tezi za mate nazo huvuta iodi, hasa zile zilizo mbele ya masikio. Kwa hiyo siku za kwanza, au miezi baadaye, mashavu huweza kuvimba wakati wa kula. Mate hupungua, na ladha ya chakula hubadilika. Ndipo jirani husema, "Amelishwa sumu!" Sivyo. Ni ile dawa iliyogusa tezi za mate. Msimpeleke kuchanjwa chale wala kutapishwa.

Mgonjwa afanye hivi:

1. Anywe maji safi kidogo kidogo mchana kutwa. Bugali aile na mchuzi.
2. Aweke kitambaa cha uvuguvugu shavuni, akande polepole kwa vidole toka sikioni kuelekea mdomoni.
3. Ndimu huleta mate, lakini amwulize munganga aanze lini.
4. Asafishe meno asubuhi na jioni, maana mate ndiyo mlinzi wa meno.
5. Akiona homa, usaha au uvimbe usioshuka, arudi hospitali upesi.
6. Asiache vidonge vya kila siku. Vinafanya kazi ya tezi iliyokatwa.

Siku za kwanza mate yake yana mionzi. Awe na kikombe chake, alale peke yake, asibebe watoto, mpaka zitimie siku alizoambiwa. Zikiisha kutimia, mrudisheni mezani. Ugonjwa huu hauambukizi. Kumtenga zaidi ni kumwumiza ndugu bure.

MAULIZO
1. Kwa nini mashavu huvimba?
2. Je, katika kanisa lenu kuna mgonjwa anayeogopwa bure? Mtamfanyia nini?