Dondoo muhimu: Visiki vya mikaratusi vikichipua

Mkaratusi ukikatwa haufi. Kisiki huchipua upya, na machipukizi yakiachwa yote utavuna fito, siyo nguzo.

Kata kwa msumeno, sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, mkato uwe na mwinamo ili maji ya mvua yasituame. Panga huchana gome, na chipukizi hutoka kwenye gome hilohilo. Usirundike matawi juu ya kisiki.

Machipukizi yakifikia kimo cha mtu, bakiza mawili au matatu yaliyoota chini kabisa, upande upepo unakotoka. Lililoota juu halijashika vizuri: likishaota majani mengi, upepo mkali hulibandua pamoja na gome. Baadaye, likishaonekana lililonyooka, bakiza hilo moja kwa ajili ya nguzo.

Miteremko yetu hapa Kirua Vunjo huteleza, kwa hiyo vaa buti, na asiwepo mtu chini yako unapokata. Hapa nasisitiza: kata chipukizi usawa wa kisiki. Kijiti kilichoachwa na ncha ya mshazari ni mkuki kwa mama anayepita kukata majani ya ng'ombe.

Mgrevilea mzee wa kihambani, yaani shamba la nyumbani, ni habari nyingine. Ukikatwa chini mara nyingi hauchipui, heri upunguzwe matawi juu.

Na kama kisiki cha mkaratusi kipo ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, eneo linalolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, usikilee. Ng'oa kila chipukizi, na uulize ofisi ya misitu wilayani upande mti gani wa asili.