SOMO LA USALAMA KAZINI: MPIRA WA PETROLI KATIKA MASHINE YA BOTI



Safari hii tunasoma juu ya kitu kidogo kinachouzwa kwa mita dukani: mpira unaotoa petroli kwenye tangi na kuipeleka kwenye mashine ya boti. Wengine watauliza, mpira una uhusiano gani na chama cha wafanyakazi? Nasi tulikuwa tukiuliza hivyo hivyo, mpaka yalipotufika.

Miaka michache iliyopita mwanachama wetu mmoja, nahodha, alikuwa akitoa samaki visiwani katika Ziwa Victoria na kuwaleta kiwandani. Jioni moja mashine ya nguvu za farasi 40 ilikwama katikati ya maji. Yeye na vijana wawili walikesha wakichota maji kwa kopo huku upepo ukiwasukuma. Asubuhi wavuvi waliwakuta wakawavuta. Samaki walikuwa wameoza. Fundi wa kiwanda alipofungua mashine aliikuta pistoni imeshika ndani ya silinda. Msimamizi akakata shauri papo hapo: nahodha hakutia oili katika petroli, basi mashine ataigharimia mwenyewe, mshahara ukatwe kila mwezi mpaka deni liishe.

Sisi wa kamati tulikwenda ofisini hatujui kitu. Tulisema maneno mengi ya haki na huruma, na yote yaliangushwa na mtu mmoja mwenye pistoni mkononi. Mara ya pili tuliomba jambo moja tu: tuonyeshwe mpira na tangi. Mpira ulikuwa ule mweupe unaoonyesha ndani, ule wa waashi wa kupimia usawa wa maji. Ulikuwa umekauka kama kijiti na kupasuka mahali unapoingia kwenye mashine, na palifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Petroli iliyobaki katika tangi ilikuwa na rangi ya oili. Kumbe oili ilitiwa.

Sasa tufahamu yaliyotokea. Mashine nyingi za boti zilizoko ziwani kwetu ni za tustroki. Mashine hizi hazina bakuli la oili kama gari. Oili huchanganywa na petroli, kwa mashine nyingi sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika lita 20, na huingia kwenye pistoni pamoja na petroli hiyo. Mpira ukipasuka upande wa kuvuta, mara nyingi hautoi hata tone nje, bali mashine huvuta hewa. Petroli inayofika ni kidogo, na kwa hiyo oili nayo ni kidogo. Pistoni inapata moto, inavimba, inashika. Kwa macho, pistoni iliyokosa petroli na pistoni ya mtu aliyesahau oili zinafanana sana. Ndiyo sababu lawama humwangukia nahodha, na ndiyo sababu mpira uangaliwe kabla ya mtu kuhukumiwa.

Kwa nini mpira wa mwashi ulikauka? Plastiki ile hulainishwa kiwandani kwa dawa maalumu. Petroli huitoa dawa hiyo polepole, na jua humaliza kazi. Mpira wa kumwagilia bustani mwisho wake ni huo huo. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, hauna nafuu: katika petroli huvimba na kulainika. Mpira unaofaa una tabaka la ndani la mpira wa kutengenezwa usioliwa na mafuta, uitwao naitraili, au plastiki ngumu ya namna hiyo, kisha nyuzi za kuupa nguvu, na ganda la nje la kuvumilia jua.

Iko hatari nyingine ambayo wenzetu wa mashamba ya miwa wataielewa upesi. Molasi inayobaki baada ya kutengeneza sukari hugeuzwa kuwa spiriti, na spiriti hiyo huweza kuchanganywa na petroli. Malawi wameanza tangu mwaka 1982, kwa spiriti ya Dwangwa, kando ya ziwa lao. Hapa Uganda sheria ya mafuta ya mimea ilipitishwa mwaka 2020. Hatuna ugomvi na jambo hilo, ni kazi kwa mkulima na kwa kibarua wa miwa. Lakini spiriti hupenya na kulainisha mipira ya zamani ambayo petroli tupu haikuiweza, tena huvuta maji. Basi anayenunua mpira leo anunue ule ulioandikwa kuwa unafaa kwa petroli yenye spiriti.

Tumesema ulioandikwa, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Mpira wa petroli uliotengenezwa kwa ajili ya boti huwa na maandishi ubavuni. Usio na maandishi usiununue, hata muuzaji akiapa. Tafuta maneno SAE J1527, au ISO 7840, au ISO 8469. Halafu tafuta herufi na tarakimu. Herufi A maana yake mpira umejaribiwa katika moto na kustahimili dakika mbili na nusu. B haukupita jaribio hilo. Tarakimu 1 ni mpira wa kukaa na petroli wakati wote. 2 ni wa kujazia tangi au kupumulia tu. Kwa mashine iliyofungwa nyuma ya boti iliyo wazi, B1 hutosha. Palipo na A1-15 au B1-15, ile 15 huonyesha kwamba mvuke unaopenya ubavuni ni kidogo, usiozidi gramu 15 kwa mita ya mraba kwa siku. Mara nyingi utakuta pia mwaka wa kutengenezwa. Mpira uliolala dukani miaka kumi si mpya.

Mahali pengine mpira wa boti haupatikani. Hapo mpira wa gari wenye alama SAE 30R7 ni nafuu kuliko wa mwashi, ila haukutengenezwa kwa kuanikwa juani, kwa hiyo ukaguliwe mara nyingi na kubadilishwa mapema.

Mashine iliyofichwa ndani ya chombo ni hatari zaidi. Tunawataja wenzetu wa mahoteli wanaotunza pikipiki za maji za wageni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya chombo kama maji katika beseni, na cheche moja ya umeme yatosha. Huko usikubali chini ya A1. Fungua kiti upate hewa, unuse, ndipo uwashe. Mpira ukiwa na ute kwa ndani, jua kwamba ute huo utaziba chujio na kabureta, na pistoni itashika kama ya nahodha wetu. Pikipiki nyingi za miaka ya 1990 ziliharibika hivyo kwa mpira wa kijivu uliooza ukatoa ute wa kijani.

Kukagua hakuhitaji fundi. Pitisha kitambaa safi juu ya mpira wote, kisha unuse kitambaa. Kikinuka petroli, mpira umekwisha. Ukunje kwa vidole utafute nyufa, hasa kwenye ncha. Finya lile tufe la mpira la kuvutia mafuta: lazima liwe gumu na libaki gumu. (Mshale wake uelekee kwenye mashine. Tumekwisha kuona limefungwa kinyume na watu wakivuta kamba mpaka mikono ikatoka malengelenge.) Tufe likinywea wakati mashine inafanya kazi, huenda kizibo cha tangi hakikufunguliwa kupitisha hewa, au mpira umeachana tabaka kwa ndani. Upana nao usipunguzwe: kama mashine ilikuja na wa milimita 8, usiweke wa 6. Na kifungio kiwe kibano cha chuma kisichoshika kutu, si tyubu ya baiskeli wala waya.

Nani alipe? Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Hapa Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Mpira ni wa mwajiri kama mashine ilivyo yake.

Katika kesi yetu daftari la stoo lilionyesha kwamba ule mpira wa mwashi ulinunuliwa na kiwanda chenyewe. Makato yalisimamishwa, na fedha ya miezi miwili ikarudishwa. Tangu hapo manahodha wetu huandika katika daftari tarehe ya kila mpira mpya na maandishi ya ubavuni, na nakala hukaa kwa katibu wa tawi. Ndugu zetu wa mashamba ya michikichi katika Kisiwa cha Bugala, mnaovushwa kwa boti, nanyi mnayo haki ya kuuangalia mpira kabla ya kupanda. Mkiukuta umefungwa kwa tyubu, kateni shauri pamoja na mwite msimamizi aje auone.