Usimzike Aliye Hai

Andiko: Luka 15:11–32



Juzi nilikuwa nikipanga upya daftari la ushirika wetu wa nyumbani hapa Makongeni. Nikafika kwa jina la kijana mmoja, mwaka sasa haonekani, pombe imemshika. Nikampiga mstari. Nikasema moyoni, "Huyu ameisha." Hapo nikakumbushwa habari ya askari mmoja.

Agosti 1940 Waitaliano waliivamia Somaliland ya Waingereza. Kapteni Eric Wilson, mtoto wa mchungaji, alikuwa na Kikosi cha Wapanda Ngamia. Yeye na askari wake Wasomali waliwekwa kilimani na bunduki za rashasha, wazuie njia. Kuanzia tarehe 11 hadi 15 walipigwa kwa mizinga. Wilson aliumia bega la kulia na jicho la kushoto, na malaria juu yake. Bunduki zikirushwa na makombora, anazitengeneza, anaendelea. Sajini wake, Omar Kujoog, aliuawa kando yake.

Kilima kilipotekwa, ilisemekana Wilson amekufa. Oktoba akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya Uingereza ya ushujaa vitani, kama marehemu. Kumbe yuko hai! Mwaka 1941 alipatikana Eritrea, katika kambi ya wafungwa wa vita. Aliishi hadi 2008.

Tujifunze nini?

Kwanza, kutoonekana si kufa. Mwingine tunayemwita marehemu wa kiroho ni mateka tu. Mateka hahitaji matanga, anahitaji kufikiwa.

Pili, yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali. Angemwonaje kama hakuwa akiangalia barabara?

Tatu, Omar hakurudi. Vita ni vita, wako wanaoanguka kweli. Ndiyo maana hatuna ruhusa ya kungoja.

Ijumaa jioni nilienda kwa yule kijana. Alifungua mlango nusu. Tuliongea hapo hapo kama dakika kumi, nikamwomba msamaha kwa kukaa kimya mwaka mzima. Jumapili hakuja. Lakini jina lake nimeliandika tena, na wiki hii narudi.

Zoezi la wiki: Ni nani umempiga mstari? Usimpelekee ujumbe wa simu tu. Nenda ukabishe mlango.

Ombi: Baba, tusamehe kwa kuzika watu ulio bado unawangojea. Tupe miguu ya kuwaendea. Katika jina la Yesu, Amina.